Karanga, alizeti au mbegu za maboga: Kipi kiongezwe kwenye uji wa mtoto?

Kila mwaka baada ya mavuno, magunia ya alizeti hutoka vijijini Hanang na Mbulu kwenda kwenye mashine za kukamua. Mafuta hurudi yakiwa kwenye madumu, mashudu hurudi yakiwa chakula cha ng'ombe, na fedha huenda kwenye ada, mbolea na deni la dukani. Ndani ya nyumba hiyohiyo iliyolima alizeti anakuwamo mtoto wa miezi tisa anayekunywa uji wa mahindi mtupu, mwepesi, uliotiwa sukari kidogo ili aupende.

Hilo ndilo linalofanya swali la mafuta na kalori kwenye karanga na mbegu kuwa la maana hapa kuliko mahali ambako watu wanahesabu kalori ili wapungue. Mjini, mtu husoma nyuma ya pakiti ya korosho akiogopa kunenepa. Kwa mtoto mdogo wa Dongobesh, Haydom, Katesh au Endasak, tatizo mara nyingi ni kinyume chake: tumbo linajaa kabla mwili haujapata cha kutosha.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 34. Kumepungua, lakini bado ni watoto watatu katika kila kumi. Haydom, wilayani Mbulu, ni moja ya maeneo manane duniani yaliyochaguliwa kwenye utafiti mkubwa wa MAL-ED, ulioanza mwaka 2009, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kujua kwa nini wengine hawakui vizuri. Maeneo mengine yalikuwa Bangladesh, India, Nepal, Pakistan, Brazil, Peru na Afrika Kusini.

Udumavu hauna sababu moja. Kuhara mara kwa mara, maji machafu, ujauzito wa mama ambaye naye hakula vizuri, vyote vimo. Kijiko cha karanga hakiwezi kumaliza hayo. Lakini uji ni jambo ambalo mzazi analishika mkononi kila asubuhi, na hapo hesabu yake ni rahisi.

Hesabu yenyewe

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kilokalori, ambayo wengi huiita kalori tu. Gramu moja ya wanga hutoa kilokalori 4, protini nayo 4. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Kwa hiyo chakula chenye mafuta mengi hubeba nguvu nyingi katika ujazo mdogo, na ujazo mdogo ndio mtoto anaouhitaji.

Sasa tuweke vyakula kwenye mizani, kila kimoja gramu 100, bila maganda na bila chumvi. Namba zifuatazo zinatoka kwenye jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambalo hutumika sehemu nyingi duniani. (Tanzania ina jedwali lake la vyakula, lililotolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Chakula na Lishe, Chuo Kikuu cha Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard.)

Karanga mbichi: kilokalori 567, mafuta gramu 49, protini gramu 26.

Mbegu za alizeti zilizoondolewa ganda: kilokalori 584, mafuta gramu 51, protini gramu 21.

Mbegu za maboga zilizomenywa: kilokalori 559, mafuta gramu 49, protini gramu 30.

Ufuta: kilokalori 573, mafuta gramu 50, protini gramu 18.

Korosho: kilokalori 553, mafuta gramu 44, protini gramu 18.

Unga wa mahindi, kwa kulinganisha, una kilokalori kama 360 na mafuta yasiyofika gramu 4.

Mtu anayesoma orodha hiyo akitafuta mshindi atakata tamaa. Kati ya alizeti iliyo juu na korosho iliyo chini kuna tofauti ya kilokalori 31 tu kwa gramu 100. Ukipima kijiko kikubwa kimoja, tofauti hiyo haifiki hata kilokalori 5. Kwa upande wa nguvu na mafuta, karanga za Hanang na korosho za Mtwara zinazouzwa ghali kwenye pakiti ni ndugu wa karibu sana. Anayelipa mara kadhaa zaidi kwa korosho akiamini zinamjenga mtoto kuliko karanga analipia ladha na safari ya kutoka Kusini.

Wapo wanaojitenga na kundi hilo. Makadamia, inayolimwa katika baadhi ya maeneo ya nyanda za juu nchini, inafika kilokalori 718 na mafuta gramu 76, karibu robo tatu ya uzito wake. Kwa upande wa chini kuna njugu mawe. Jina linawafanya watu wazidhani jamaa wa karanga, lakini mafuta yake ni kama gramu 6 tu kwa 100. Kwa lishe zinakaribiana zaidi na maharage. Soya ipo katikati: mafuta gramu 20, protini gramu 36. Nayo inahitaji kuiva vizuri, kwa sababu soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo lisimeng'enye protini.

Kikombe kimoja cha uji

Kikombe cha uji mwepesi cha mililita 200 hupikwa kwa unga wa kama gramu 20. Hapo kuna kilokalori 72. Kijiko kidogo cha sukari kinaongeza 16.

Mtoto wa miezi tisa hadi kumi na moja anayenyonya vizuri anahitaji kupata kama kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, nje ya maziwa ya mama. Hicho ndicho kiwango kilichomo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Wa miezi sita hadi minane anahitaji kama 200, na akishafika mwaka mmoja hadi miwili inapanda hadi 550. Tumbo lake, kwa upande mwingine, hubeba kama gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja. Mtoto wa kilo 8 anashiba kwa kikombe kimoja na robo.

Vikombe viwili vya uji mtupu kwa siku vinampa kilokalori 144. Hata nusu ya mahitaji hajafika, na mama anasema kwa haki kabisa kwamba mtoto amekula na ameshiba.

Weka kijiko kikubwa kimoja cha karanga zilizosagwa, gramu 15, kwenye kila kikombe. Kijiko hicho kina kilokalori 85, mafuta gramu 7 na protini gramu 4. Kikombe kilichokuwa na 72 sasa kina 157. Vikombe viwili: 314. Ujazo wa uji haujabadilika, mtoto hakulazimishwa kula zaidi, na mahitaji ya nguvu ya siku yamefikiwa kabla hajagusa ugali, maharage au mboga. Ukitumia alizeti iliyomenywa badala ya karanga, kijiko kitatoa kilokalori 88. Mbegu za maboga 84. Ufuta 86.

Kwa nini usiweke mafuta ya kupikia tu? Kijiko kikubwa cha mafuta kina kilokalori kama 120, na kwa nguvu peke yake kinashinda vyote. Lakini ni mafuta matupu. Hakuna protini, hakuna madini ya chuma wala zinki. Mtoto anayekula mahindi kutwa hakosi nguvu peke yake, anakosa na hivyo vingine. Siagi ya kopo, ambayo watu wengi huiona ya kisasa zaidi, nayo ni mafuta na vitamini zilizoongezwa, protini hamna. Nyumba isiyo na kitu kingine ni bora iweke kijiko kidogo cha mafuta kuliko kuacha uji mtupu, ila yenye karanga kabatini haina haja ya kwenda dukani.

Uzito wa uji nao una neno lake. Uji unaotiririka kama maji ya kunawa hauwezi kuokolewa na karanga peke yake. Uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika upesi, upewe kwa kijiko na kikombe badala ya chupa. Mtoto wa miezi tisa na kuendelea apate milo mitatu hadi minne kwa siku, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Pale zinapotofautiana

Kama kalori zinalingana, mbegu hizi zinachaguliwa kwa nini? Hapa ndipo mbegu za maboga, ambazo nyumba nyingi huzitupa jalalani au kuwaachia kuku, zinapopanda chati. Gramu 100 zina madini ya chuma kama miligramu 9 na zinki karibu 8. Karanga zina chuma chini ya 5 na zinki 3. Chuma ni cha damu, zinki ni ya ukuaji na ya kupambana na kuhara. Maboga hupandwa katikati ya mahindi, mbegu zake hazina bei ya kuhangaikiwa, na hakuna lori linalokuja kuzifuata. Zikioshwa, zikaanikwa na kukaangwa bila mafuta, zinatwangwa kama karanga.

Ufuta una chuma zaidi, miligramu 14 na ushee, na kalsiamu ya miligramu 975 ukiwa na ganda lake. Namba hiyo ya kalsiamu inavutia kuliko inavyostahili. Sehemu kubwa imefungwa kwenye ganda pamoja na vitu vinavyozuia mwili kuifyonza, kwa hiyo asije mtu akamwachisha mtoto maziwa kwa sababu ana ufuta. Alizeti inaongoza kwa vitamini E. Karanga zina foleti nyingi, ambayo mama mjamzito anaihitaji.

Aina ya mafuta nayo si moja. Karanga na korosho zina mafuta mengi ya jamii ile inayopatikana kwenye parachichi. Alizeti, maboga na ufuta zina mengi ya jamii ya omega-6. Zote tano zina mafuta kidogo ya kuganda, kati ya gramu 4 na 9 kwa 100. Nazi ni tofauti kabisa: nyama yake mbichi ina mafuta gramu 33, na karibu 30 kati ya hizo ni ya kuganda. Kinachokosekana kwa kiasi kikubwa kwenye karanga na alizeti ni omega-3, na ndiyo maana dagaa au samaki, kwa wanaopata wa Ziwa Basotu, hawawezi kuondolewa sahanini kwa kisingizio cha kuwa na karanga.

Mbegu zote hizi zina pia kitu kinachoshika chuma na zinki visifyonzwe vyote. Kuloweka usiku kucha, kukaanga na kula pamoja na tunda au mboga yenye vitamini C husaidia.

Hayo yote yana historia ndefu kuliko kliniki. Bonde la Yaeda Chini, Wahadzabe hula ubuyu na hawatupi mbegu zake. Huzitwanga zikawa unga. Ndani ya mbegu hiyo ngumu kuna mafuta na protini ambazo unga mweupe wa nje hauna.

Karanga mbovu

Sasa upande mbaya. Karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa zaidi na ukungu unaotengeneza sumukuvu. Sumu hiyo haionekani, haina harufu, na moto wa jikoni haiimalizi. Kukaanga hakutoshi, kuchemsha hakutoshi. Ikiingia mwilini kwa wingi kwa muda mfupi huharibu ini na inaweza kuua. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ini.

Mkoa wa Manyara unalijua hili kwa machungu. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu ulitokea Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki dunia. Chanzo kilikuwa mahindi, ambayo ndiyo yanayoliwa kwa wingi kila siku, si karanga, lakini ukungu ni uleule na makosa ya kuhifadhi ni yaleyale.

Utafiti kuhusu watoto wa Haydom uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta dalili za sumukuvu kwa wengi wa watoto waliopimwa, pamoja na dalili za fumonisini, sumu nyingine ya ukungu inayopenda mahindi. Kwa watoto hao, fumonisini ndiyo iliyohusishwa na uzito mdogo. Uhusiano wa sumukuvu na kudumaa haukuonekana. Mzazi asisome hapo kwamba sumukuvu haina neno. Asome kwamba uji wenye karanga safi ndani ya unga wa mahindi yaliyooza haujatengenezwa.

Habari njema ni kwamba sumu haisambai sawa kwenye gunia zima. Hukaa nyingi kwenye punje chache: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizoanza kuota, zenye vumbi la kijani au la kijivu. Kukaa chini na ungo kwenye mwanga wa jua na kuzitoa punje hizo moja moja ni kazi ya kuchosha, na ndiyo dawa kubwa kuliko zote ambayo familia inayo. Watoto wakubwa wanaiweza wakifundishwa mara moja. Yenye ladha chungu mdomoni itemwe, isimezwe kwa heshima ya mwenyeji.

Zikitolewa, ziende wapi? Kuna tabia mbaya hapa. Punje mbovu huwekwa kando ili zisagwe ziwe karanga za mboga, kwa kuwa zikishasagwa hazijulikani. Nyingine hupewa kuku au ng'ombe. Ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa. Utafiti uliofanyika mkoa jirani wa Singida na kuchapishwa mwaka 2016 uliikuta kwenye mashudu ya alizeti na kwenye maziwa ya ng'ombe. Punje mbovu zifukiwe au zichomwe mbali na watu.

Kwa sababu hiyohiyo, karanga zilizosagwa tayari sokoni, kwenye kikopo kisicho na jina wala nembo ya ubora, ni kununua bila kuona. Wapo wauzaji waangalifu. Mnunuzi hana namna ya kuwatofautisha na wasio waangalifu. Nunua punje nzima, chambua mwenyewe, kaanga, twanga.

Na unga wa lishe?

Kuna unga unaochanganywa mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga na wakati mwingine dagaa, vyote vikasagwa pamoja na kuwekwa kwenye ndoo kwa mwezi mzima. Wataalamu wa lishe nchini wamekuwa wakionya kuhusu mchanganyiko huu mara kwa mara. Mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele ni kundi moja la chakula. Kuweka vyote vitano hakumpi mtoto makundi matano. Karanga zikishasagwa na kukaa ndani ya unga, mafuta yake huchacha na unyevu hualika ukungu. Dagaa nao huharibu harufu, mtoto akagoma.

Njia rahisi zaidi ni kusaga nafaka moja au mbili peke yake. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa zikorogwe na maji kidogo ya baridi pembeni, ziongezwe uji ukiwa unachemka, kisha uendelee kuchemka dakika chache. Kwa alizeti kazi ni ganda. Alizeti nyeusi za mafuta zina ganda lililoshika, kwa hiyo hukaangwa kidogo, hutwangwa taratibu, hupetwa, na kinachobaki kitwangwe tena na kuchujwa kwa chujio laini ili makapi yasimkwaruze mtoto koo.

Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga au korosho nzima. Punje moja inaweza kuingia kwenye njia ya hewa na kumkaba. Wengi huwapa watoto karanga wachezee huku wakikimbia uani, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa. Zisagwe laini daima.

Mzio wa karanga upo, ingawa hausikiki sana hapa. Mara ya kwanza mpe kidogo, nusu kijiko kidogo, na umwangalie. Akivimba midomo, akitoka vipele ghafla, akitapika au kupumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya mara moja. Zamani wazazi wa nchi za Ulaya waliambiwa wachelewe kuwapa watoto karanga. Utafiti wa London uliotolewa mwaka 2015 uligeuza ushauri huo: watoto wenye hatari kubwa ya mzio walioanza kula karanga zilizosagwa mapema, kabla ya kutimiza mwaka, walipata mzio kwa kiwango cha chini mno kuliko walionyimwa.

Mtoto aliyekonda sana, aliyevimba miguu au anayekataa kula kabisa hapaswi kutibiwa kwa karanga za nyumbani. Huyo anahitaji hospitali au kituo cha afya. Huko anaweza kupewa chakula dawa, ile pakiti ndogo yenye kitu laini cha rangi ya karanga. Na kweli ni karanga: zimesagwa na kuchanganywa na maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Kilibuniwa na Wafaransa mwaka 1996, na pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Ni tiba ya mgonjwa mmoja. Kuigawa kwa watoto wote wa nyumba, au kuiuza, ni kumkatisha dozi aliyeandikiwa.

Na baba na mama je?

Kwa mtu mzima hesabu inageuka. Kiganja kimoja cha karanga, gramu 30, kina kilokalori 170, na kinashibisha kwa muda mrefu. Kikombe kilichojaa kina zaidi ya 820, kuzidi sahani kubwa ya ugali. Anayekula karanga badala ya maandazi amefanya vizuri. Anayekula kikombe cha karanga mbele ya simu baada ya kumaliza ugali, nyama na maandazi ajue kinachoongezeka kiunoni kinatoka wapi. Watafiti wa Marekani waligundua mwaka 2012 kwamba lozi nzima huupa mwili nguvu pungufu kwa karibu robo ya inavyoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu sehemu ya mafuta hupita bila kumeng'enywa. Kwa zilizosagwa, mafuta humeng'enywa zaidi. Kwa mtoto tunasaga. Mtu mzima anayejali uzito atafune. Mwenye shinikizo la damu aache zenye chumvi.

Yamebaki magunia. Vijiko viwili vikubwa kwa siku, gramu 30, kwa mwaka mzima ni kilo 11 za karanga zilizobanguliwa. Zikiwa na maganda ni kama kilo 16. Nyumba inayovuna magunia kadhaa inaweza kuzitenga kilo hizo kabla bei haijatajwa, na mazungumzo hayo ni ya baba na mama wote wawili, kwa kuwa mara nyingi anayepika uji siye anayeamua kinachopanda kwenye lori. Zikaushwe juu ya turubai, si ardhini, hadi zikitikiswa zilie ndani ya ganda. Zihifadhiwe na maganda yake, kwenye mfuko usioingiza hewa, juu ya kichanja na mbali na ukuta. Zinabanguliwa, kuchambuliwa na kutwangwa za wiki moja tu, kisha zinafunikwa kwenye chombo kikavu.